Amana, Mali na Saa ya Mkononi

Liko swali ambalo huonekana dogo kwa sababu huulizwa juu ya kitu kidogo. Mtu amerithi au amepewa kitu chenye thamani kuliko hali yake ya maisha: je, akiweke au akiuze? Wengi hulijibu upesi. Mwenye njaa husema kiuzwe, mwenye shibe husema kiwekwe, na kila mmoja humwona mwenziwe amepungukiwa na akili. Sisi hatukuweza kulijibu upesi kwa sababu lilitufika nyumbani kwetu, likatukalia muda wa miaka miwili. Msomaji atatuwia radhi kwamba tunaleta habari za jamaa zetu katika kitabu kama hiki. Lakini utamaduni wa taifa, kwa kadiri tunavyouelewa, haukai katika ngoma na mavazi peke yake. Hukaa pia katika mkebe uliofichwa chini ya kitanda.

Mwaka 1963 nchi za kaskazini mwa Ulaya, zikiwemo Uswidi, Norwe, Denmaki na Ufini, zilianza kushirikiana na Serikali ya Tanganyika kujenga pale Kibaha kituo cha elimu, afya na mafunzo ya wakulima. Kituo hicho kilikabidhiwa kwa Serikali yetu mwaka 1970, na ndicho kijulikanacho kwa jina la Shirika la Elimu Kibaha. Mjomba wetu, mtu wa Kisarawe, alikuwa dereva wa mtaalamu mmoja katika kazi hiyo. Usiku mmoja wa masika mtoto wa mtaalamu yule alishikwa na homa kali, na mjomba akaendesha gari gizani, maji yakiwa yamefunika barabara mahali pengi, hadi hospitali Dar es Salaam. Mtoto alipona. Ulipofika wakati wa kurejea kwao, mgeni yule alivua saa iliyokuwa mkononi mwake akamfunga mjomba. Ilikuwa Rolex. Mjomba hakulijua jina hilo wala hakuuliza. Alijua tu kwamba ilikuwa nzito. Sisi tulizaliwa mwaka huo huo wa 1970, hata umri wetu na umri wa saa ile katika ukoo ni mmoja.

Yafaa tueleze kidogo namna saa hiyo inavyofanya kazi, kwa maana jambo hilo litatusaidia mbele. Ni saa isiyohitaji kutiwa ufunguo kila siku. Ndani yake mna kipande cha madini kizungukacho kwa mwendo wa mkono, na mzunguko huo ndio ukazao kamani. Mwenye kuivaa akitembea, akilima, akila, saa hupata nguvu. Akiivua na kuiweka, huendelea kwa siku moja na kitu, kisha husimama. Kwa hiyo saa hiyo huishi kwa mtu. Ukiiweka akiba, ukaitunza vema kwa kitambaa na mkebe, umeisimamisha. Wahenga wamenena kuwa akiba haiozi, nasi hatuthubutu kuwapinga wahenga. Ila wao walikuwa wakisema juu ya nafaka na fedha.

Mjomba aliivaa miaka kumi na mitatu. Kisha ukaja mwaka 1983, mwaka wa vita dhidi ya wahujumu uchumi iliyoongozwa na Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine. Walimu wenye umri wetu wanakumbuka, na wanafunzi wawaulize. Dukani hapakuwa na sabuni wala sukari, na waliokuwa wamelimbika bidhaa walikuwa wakizitupa usiku wasikutwe nazo. Wakosaji wa kweli walikuwapo, nasi hatusemi vita ile haikuwa na sababu. Lakini hofu haichagui mlango. Mjomba hakuwa amehujumu kitu. Alikuwa dereva mwenye kitu cha fahari mkononi, na hakuwa na hati hata moja ya kuonyesha alikipataje. Nani angesadiki kwamba saa ile alipewa kwa ajili ya homa ya mtoto? Aliitia katika mkebe wa majani ya chai, akaufukia chini ya mkorosho nyuma ya nyumba.

Saa za namna hiyo zimesifiwa tangu mwaka 1926 kwa kuzuia maji. Lakini sharti kifundo cha pembeni kiwe kimekazwa barabara, na mtu achimbaye gizani huku akitetemeka hakumbuki kukaza vifundo. Ilipofukuliwa mwaka uliofuata, uso wake ulikuwa umevimba na kufanya madoa kama ukuta wa nyumba iliyovuja. Mjomba aliipeleka kwa fundi saa wa Kariakoo, ambaye aliisafisha, akaupaka uso rangi upya na kuziandika tarakimu kwa mkono wake. Kazi nzuri kabisa. Mkanda wa zamani ulikuwa umeoza, basi fundi viatu wa Kisarawe akakata mwingine kwa ngozi ya mbuzi. Tangu hapo mjomba aliivaa siku za Idi tu, na siku za harusi za jamaa wa karibu.

Alipokaribia kufariki, mwaka 2021, alituita akatupa saa ile mkononi, mbele ya mkewe. Hakusema tuifanyie nini.

Hapa ndipo swali la kwanza lilipozuka, nalo si la kuweka wala kuuza. Ni hili: ilikuwa yetu? Kwa mila za Wazaramo wa zamani mpwa alikuwa na nafasi kubwa kwa mjomba wake, maana ukoo ulihesabiwa kwa upande wa mama, na mzee mmoja wa Maneromango alituambia bila kusita kwamba kitu kimefika kwa mwenyewe. Kwa sheria ya Kiislamu mjane ana fungu lake lililotajwa, robo ikiwa mume hakuacha mtoto, thumni ikiwa ameacha. Na apewacho mtu mkononi kabla ya mauti kina hukumu yake mbali, ikitegemea mtoaji alikuwa katika hali gani. Kwa desturi ya ofisini, tuliyoizoea kwa miaka thelathini, kitu kisicho na hati hakina mwenyewe. Mizani tatu, na kila moja ina uzito wake. Sisi tuliamua kuihesabu saa ile kuwa amana hadi hapo tutakapojua zaidi, na huo ndio uamuzi pekee katika jambo hili lote ambao haukutusumbua usingizi.

Hata hivyo tuliivaa. Kwa nini tufiche? Tuliivaa kwenda kazini Kibaha wiki moja. Siku ya nne alikuja mwananchi mmoja kufuatilia barua yake iliyokuwa imechelewa. Aliketi mbele ya meza yetu, akaeleza shida yake, na wakati tukigeuza majalada macho yake yalitua juu ya mkono wetu, yakakaa hapo. Akanyamaza. Kisha tukaona mkono wake unaingia mfukoni taratibu, kama mtu aliyetajiwa bei. Hatukuwa tumetamka neno. Saa ndiyo iliyotamka. Tulimpa barua yake, tukamwambia aende salama, naye alitoka akigeuka nyuma kwa mashaka, pengine akidhani kwamba kiasi alichokusudia hakikutosha.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakataza viongozi kuwa na mishahara miwili, kumiliki hisa katika makampuni na kupangisha nyumba. Halikutaja saa. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 iliwataka viongozi watangaze mali zao na zawadi walizopewa. Sisi si kiongozi. Ni mtumishi wa ngazi ya kati, na kwa sheria hatukuwa na kosa. Lakini yule bwana hakuja na sheria, alikuja na macho. Mtumishi wa umma hawezi kumweleza kila aingiaye habari za homa ya mtoto mwaka 1970. Tuliivua, tukairudisha mkebeni, nayo ikasimama.

Basi kwetu kuiweka kulikuwa na maana moja tu: kuitunza ikiwa imesimama. Wakati huo huo mkazamjomba wetu, pale Kisarawe, alikuwa akipoteza nuru kwa mtoto wa jicho, bati za nyumba zilikuwa zimeoza, na mjukuu wake, ambaye mama yake alikwisha fariki, alikuwa amekwama nusu ya masomo ya ualimu kwa kukosa ada. Bei ya saa, tulivyoambiwa, ilikuwa karibu na mishahara yetu ya miezi minane. Mtu atasema: mnangoja nini?

Tulikuwa tukingoja kwa ajili ya mwana nyahiti. Wanafunzi wa siku hizi wengi hawamjui, ingawa wazaliwa wa Kisarawe, Kibaha na Bagamoyo wanaweza kuwa na bibi aliyemshika. Ni kinyago kidogo cha mti walichokichonga Wazaramo, Wakwere na jirani zao: kiwiliwili cha mviringo kisicho na mikono wala miguu, na kichwa chenye mashungi mawili ya nywele. Mwali alipewa alipokuwa ndani, akamwogesha na kumpaka mafuta kama mtoto wake. Alipotoka, kinyago kilirudi kwa wazee kumngoja mwali mwingine. Wako mwana nyahiti waliopita katika mikono ya wasichana wengi, hata mti ukang'aa. Leo wengi wao wako katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, ndani ya kioo. Aghalabu kibao cha maelezo hutaja kabila na urefu wake kwa sentimita. Majina ya wasichana hayatajwi. Wale waliouza hawakuwa wajinga. Walikuwa na njaa, au watoto wa shule, au walisema, kama tulivyosema sisi juu ya saa, kwamba kitu hakina kazi tena. Wasichana hawawekwi ndani siku hizi. Kinyago cha nini?

Tulijaribu kujitetea kwa hoja kwamba vitu hivi viwili havifanani. Mwana nyahiti alitengenezwa na watu wetu kwa shughuli yetu, na aliyemuuza alikata mnyororo. Saa ilitoka kiwandani Uswisi, ikatufikia kwa bahati. Hoja hii ni nzuri katika karatasi. Lakini kitu huwa cha watu kwa yale yaliyowapata pamoja nacho, si kwa mahali kilipotengenezwa tu. Na ile saa ilikuwa imelala katika ardhi ya Kisarawe masika nzima kwa sababu ya historia ya nchi hii. Hatukuweza kuitoa hoja hiyo mbele ya nafsi zetu tukaona haya imetutoka.

Katika hali hiyo tulikwenda kwa mnunuzi Dar es Salaam, kuuliza tu. Rafiki yetu mmoja, mtu mwema katika mambo mengine, alitushauri mapema tusiseme kwamba uso ulipakwa rangi upya. Alisema: "Asipouliza, hamkusema uongo." Twakiri kwamba shauri hilo lilitupendeza kwa muda wa safari nzima, kutoka Kibaha hadi mjini. Sheria ya biashara ya Kiislamu humtaka muuzaji ataje kasoro aijuayo, na mama zetu walitufundisha hivyo hivyo walipotutuma kuuza mihogo: iliyooza itoe juu, usiifunike na mizuri. Tulisema. Mnunuzi aliifungua, akaitazama kwa lenzi, akakubali kwamba ni ya kweli, kisha akapunguza bei karibu nusu.

Alitueleza sababu kwa adabu. Wakusanyaji wa saa hutafuta ile ambayo haikuguswa. Uso wa asili, hata wenye madoa, hupita uso uliopakwa upya. Tulitoka pale tukiwa na ghadhabu ambayo hatukuijua asili yake mara moja. Fedha zilikuwa zimepungua, kweli. Lakini kilichotuuma ni kingine. Kile ambacho mjomba alikiona kuwa ni kuitunza saa, soko lilikihesabu kuwa kasoro. Hofu yake ya mwaka 1983, mikono yake chini ya mkorosho, tarakimu za fundi wa Kariakoo: vyote viliandikwa upande wa hasara.

Na mtu asidhani kwamba soko halijali kamwe mkono uliovaa saa. Mwezi Oktoba mwaka 2017, mjini New York, iliuzwa kwa mnada saa ya Rolex iliyokuwa ya mwigizaji wa filamu Paul Newman, kwa bei ya dola milioni 17 na zaidi. Mkewe, Joanne Woodward, ndiye aliyempa, ikiwa na maneno nyuma yake ya kumwusia aendeshe kwa uangalifu, maana Newman alikuwa mpenda mashindano ya magari. Mwaka 1984 yeye naye alimpa kijana mmoja, rafiki ya binti yake, ambaye hakuwa na saa. Tazama basi: madereva wawili, saa mbili za kampuni moja, zote mbili zilitolewa kwa moyo. Jasho la mkono mmoja lilizidisha bei mara nyingi kupita hesabu. Jasho la mkono wa pili liliipunguza. Hatusemi Newman hakustahili. Alikuwa mtu mkarimu. Twasema kwamba mkono wake ulikuwa na maandishi, na mkono wa mjomba haukuwa nayo.

Hapo tukamkumbuka mtu mmoja anayestahili kukumbukwa zaidi katika Mkoa wetu wa Pwani, ambao ndio wenye Bagamoyo. David Livingstone alipofariki katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo sasa ni Zambia, mwaka 1873, watumishi wake waliukausha mwili wake wakaubeba kwa miezi mingi hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Walioongoza walikuwa Susi na Chuma. Lakini aliyejua kuandika vizuri alikuwa Jacob Wainwright, Mwafrika aliyesoma shule ya misheni huko Uhindini. Kabla ya kuondoka Chitambo aliorodhesha vitu vya marehemu: kofia, saa moja, dira, visanduku vya vyombo vya kupimia, na fedha kama shilingi moja na nusu. Saa moja! Walikuwa mbali na pwani, hawakujua kama watalipwa, na hapakuwa na mtu wa kuwauliza. Walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora, ofisa wa Kiingereza Verney Lovett Cameron ndiye aliyechukua baadhi ya vyombo vya kupimia kwa ajili ya safari yake mwenyewe. Wapagazi walibeba, ofisa alichukua. Na orodha ile fupi ndiyo iliyotufanya tujue nani alifanya lipi.

Tulikwenda Kisarawe, kwa kupitia Dar es Salaam, Gongo la Mboto na milima ya Pugu, tukamweleza mkazamjomba kila jambo, pamoja na bei na sababu ya kupungua kwake. Tulikuwa tumechelewa miaka miwili kumwuliza. Twaandika haya kwa aibu: tulikwisha wauliza mzee wa mila, mjuzi wa sheria na mnunuzi, na yeye aliyelala juu ya mkebe ule tangu ujana wake hatukumwuliza, kwa kuwa tulidhani tunamlinda na mambo ya fedha.

Alisikiliza akiwa amegeuza uso upande wa mwanga, kama wafanyavyo wenye macho mabovu.

"Saa hiyo," alisema, "mwaka ule wa kufukia, mimi ndiye niliyeshika kibatari. Kila gari likipita njiani nilikuwa nasema leo wamekuja. Baba yenu akiiona anamkumbuka yule mtoto aliyepona. Mimi nikiiona naisikia ile gari. Iuzeni, mwanangu. Lakini msimwambie mtu kwamba ilikuwa yenu."

Tulimwuliza kama haoni uchungu kwamba inauzwa kwa bei ya chini kwa sababu ya kufukiwa.

"Kwani wakiongeza bei," alijibu, "ndiyo wataondoa ile hofu?"

Ndipo tukafanya lile tulilojifunza kwa Jacob Wainwright. Tuliandika karatasi moja, kwa mwandiko wa wazi, yenye jina la mjomba, kazi yake, gari aliloendesha, usiku wa homa, mwaka wa kupewa, mwaka wa kufukia na sababu, na kwamba uso ulipakwa upya Kariakoo mwaka 1984 na fundi hodari. Muuzaji tuliandika jina la mjane. Alitia dole gumba. Mnunuzi aliisoma mara mbili, akasema haitabadili bei, lakini akaikunja akaiweka pamoja na saa. Kama bado iko pamoja nayo hadi leo hatuwezi kujua. Nakala yake tunayo.

Mkebe hakuuchukua. Mkanda wa ngozi ya mbuzi aliufungua palepale, akaturudishia, kwa kuwa saa za namna ile hutiwa mkanda mwingine. Ulikuwa na tundu sita: tano za fundi viatu, na ya sita aliitoboa mjomba mwenyewe kwa msumari katika mwaka wake wa mwisho, mkono ulipokuwa umekonda. Tuliupeleka Kisarawe tukidhani mkazamjomba atauweka. Wiki ya tatu baada ya kufanyiwa operesheni ya jicho tulikwenda kumwamkia, tukamkuta uani, anaona. Mkanda alikuwa amefungia mlango wa banda la kuku.